Ndovu Mpe Nafasi: Usalama wa Familia Inaposafiri Nyikani

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi wa Taru na maeneo jirani kabla ya likizo ya Agosti

  

Likizo ya Agosti imekaribia. Shule zikifungwa, familia za Taru, Mackinnon Road, Samburu na Kinango huanza kutembea. Kuna anayepeleka watoto kwa nyanya yao ndani ya nyika. Kuna anayekwenda matanga au harusi. Kuna anayehamisha mifugo kufuata maji. Kule Ukunda, Diani na Msambweni nako kuna wazazi waliojichanga mwaka mzima ili watoto wao wakaone wanyama Shimba Hills, Mwaluganje au Tsavo Mashariki.

Safari hizi ni nzuri na hakuna anayeambiwa abaki nyumbani. Lakini wote hao, anayetembea kwa miguu na anayepanda gari, watapita mahali anapoishi ndovu. Mazungumzo ya leo yanahusu jinsi familia inavyoweza kwenda na kurudi ikiwa nzima.

Huko Marekani, katika mbuga ya Yellowstone, mnyama anayehofiwa ni dubu. Kanuni ya mbuga hiyo inamtaka mgeni akae angalau yadi 100 kutoka kwa dubu, yaani kama mita 91. Familia zinazopiga kambi huonywa zisiache chakula ovyo na zisitembee kimyakimya vichakani. Kwale hakuna dubu, lakini funzo ni lile lile: mnyama mkubwa hupangiwa kabla ya kukutana naye. Ukishafika hatua kumi kutoka kwake, mengi yameshapita mikononi mwako.

Jirani huyu ni nani

Mbuga ya Tsavo Mashariki ilitangazwa mwaka wa 1948, lakini ndovu walikuwa wakipita katika nyika ya Taru kabla ya mbuga, kabla ya reli na kabla ya barabara kuu. Katika hesabu ya wanyamapori iliyofanywa nchi nzima mwaka wa 2021, Kenya ilikuwa na ndovu 36,280, na eneo la Tsavo ndilo lenye ndovu wengi kuliko eneo jingine lolote nchini. Upande wa pili wa kaunti, Shimba Hills imekuwa hifadhi ya kitaifa tangu 1968. Mwaka wa 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi na wanagombana na wakulima. Hata baada ya kazi kubwa namna hiyo, ndovu bado ni majirani wa Kwale pande zote mbili.

Ndovu mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matunda kwa siku, na anaweza kunywa lita 200 za maji. Wakati wa kiangazi, maji hayo hayapatikani kila mahali. Katika ukame wa 2022, serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Wale wanaobaki hai hutembea mbali kutafuta maji, na wengi hutembea usiku. Kwa hivyo lile lambo ambalo mama anaenda kuchota maji alfajiri, na lile ambalo kijana ananyweshea mbuzi jioni, ndilo ambalo ndovu naye amelikusudia.

Kwa nini ndovu hushambulia

Ndovu hali nyama na hamfuati mtu ili amle. Anaposhambulia huwa anafukuza kitu anachokiona ni hatari. Sababu za kawaida ni hizi.

Kwanza, ameshtuliwa. Mtu ametokea ghafla kwenye kona ya kichaka na wote wawili wameshtuka. Ndovu haoni vizuri sana kwa mbali. Anategemea pua na masikio, na upepo ukiwa unatoka kwake kuja kwako, huenda asijue kwamba upo mpaka uwe karibu mno.

Pili, ana mtoto. Ndovu jike hubeba mimba kwa miezi 22, na ndama akizaliwa hulindwa na mama, mashangazi na dada. Mtu akijikuta kati ya ndama na kundi, hana muda wa kujieleza.

Tatu, ni dume aliye katika kipindi cha kutafuta jike. Utamjua kwa majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka njia nzima. Dume wa namna hiyo huweza kukasirika bila kuchokozwa.

Nne, amezibiwa njia ya maji au njia ya kutokea. Tano, ana jeraha, au jana yake alifukuzwa kwa mawe na mienge ya moto, na leo anakutana na wewe ambaye huna habari.

Ukizitazama sababu hizo utaona kwamba karibu zote zinahusu umbali. Ndovu aliyepewa nafasi na aliyejua mapema kwamba watu wanakuja, mara nyingi huondoka mwenyewe. Ndiyo maana neno la kushika leo ni moja: mpe nafasi. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, kipimo kisipungue urefu wa uwanja wa mpira. Ukiweza kuzidisha, zidisha.

Familia ikitembea kwa miguu

Tuchukue mfano wa familia ya baba, mama, nyanya na watoto watatu, inayotoka barabarani Taru kwenda ndani kwa jamaa, mwendo wa saa mbili.

Usiku kabla ya kuondoka, baba anapiga simu kule wanakoenda na kuuliza: ndovu wameonekana wapi wiki hii? Asubuhi anawauliza wachungaji na watu wa boda boda, kwa sababu hao ndio wanaojua njia ya leo. Njia ya mwezi uliopita haitoshi. Akiambiwa kuna kundi karibu na lambo, anazunguka, hata kama njia ya kuzunguka inaongeza nusu saa. Akiambiwa hawajulikani walipo, safari inaweza kungoja hadi mchana au hadi kesho. Jamaa anayekungoja atavumilia.

Hawatoki gizani. Wanaondoka jua likiwa limetoka kabisa, na wanahesabu saa ili wafike kabla ya saa kumi na moja jioni. Alfajiri na magharibi ndizo saa mbaya, maana ndovu wako njiani kwenda au kutoka majini na macho ya mtu hayaoni mbali.

Wanatembea pamoja. Mtu mzima yuko mbele, mtu mzima yuko nyuma, watoto katikati. Mwendo ni wa nyanya, kwa sababu familia inayotawanyika njiani ni familia ambayo mtoto mmoja atakuwa peke yake ndovu akitokea. Mtoto mdogo anashikwa mkono au anabebwa mgongoni. Kijana aliyetia visikizio anavitoa, muziki utasikilizwa akifika.

Penye vichaka vizito wanazungumza kwa sauti ya kawaida, au wanaimba. Ndovu ni msikilizaji hodari. Utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba ndovu hutofautisha hata sauti ya mwanamume na ile ya mwanamke au mtoto. Basi asikie kwamba watu wanakuja, apate muda wa kujitenga. Wakisikia matawi yakivunjika, wakaona kinyesi kibichi au nyayo ambazo upepo haujazifuta, wanasimama kimya, wanasikiliza, kisha wanarudi walikotoka.

Mbwa anabaki nyumbani. Mbwa humbwekea ndovu, akifukuzwa hukimbilia kwa mwenyewe, na ndovu humfuata nyuma.

Na wale wanaopanda boda boda, mama na watoto wawili nyuma ya dereva, nanyi mna neno lenu. Ndovu akiwa barabarani, dereva asijaribu kupenya pembeni. Asimame mbali, ageuze pikipiki mapema, angoje ndovu apite. Abiria ana haki ya kumwambia dereva asimame, na dereva mwenye busara hatakasirika.

Mkikutana naye uso kwa uso

Pamoja na tahadhari zote, inaweza kutokea. Hapo watoto watatazama uso wa mtu mzima, na watafanya atakachofanya yeye.

Akiwa mbali na hajawaona, rudini nyuma polepole bila kelele, mkielekea upande ambao upepo hautampelekea harufu yenu. Chukueni mchanga mkavu kiganjani, uachieni, mtaona upepo unakwenda wapi.

Akiwa ameshawaona, akasimama, akainua kichwa na kutandaza masikio, anawauliza nyinyi ni nani. Kusanyeni watoto nyuma ya watu wazima. Msipige mayowe, msirushe mawe, msimpige picha. Rudini nyuma taratibu mkiwa mmemtazama.

Pengine atakuja mbio hatua chache huku akipiga baragumu na kutimua vumbi, kisha asimame. Mara nyingi huko ni kutishia, na anayekimbia hapo humkaribisha afuate. Simameni, kisha endeleeni kurudi nyuma akitulia. Lakini akiwa amekunja mkonga, amelaza masikio nyuma, ameinamisha kichwa na anakuja bila sauti, huyo hatishii. Usisimame kubishana na ishara ukiwa na watoto. Akiendelea kuja, kimbilieni kitu kikubwa cha kuweka kati yenu na yeye: shina nene la mbuyu, mwamba, gari, nyumba ya mawe. Mti mwembamba hausaidii, atauangusha. Tupeni chini mzigo, mtungi au shuka, huenda akasimama kuushughulikia. Ndovu hukimbia kasi kuliko mtu wa kawaida, kwa hivyo msitegemee mbio za masafa marefu. Tegemeeni mahali pa kujificha, na ndiyo maana anayetangulia njiani huwa anatazama mapema: kama lolote likitokea hapa, tutakimbilia wapi?

Familia ikienda mbugani kwa gari

Sasa twende na ile familia ya Ukunda, iliyokodi gari kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Bachuma, au iliyoamua kwenda karibu, Shimba Hills.

Ndani ya mbuga, kanuni za KWS si mapambo. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Gari halitoki nje ya njia. Watu hawashuki isipokuwa mahali palipotengwa kwa kushukia. Anayetaka kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills atembee na askari wa wanyamapori, na amsikilize hata kama askari huyo ni kijana kuliko yeye.

Mkiona ndovu, simamisheni gari mbali na mahali ambapo dereva anaweza kuondoka bila kurudi nyuma kwanza. Msimzibie njia. Msipige honi. Mtoto asitoe mwili dirishani wala kusimama juu ya kiti. Kichwa kikianza kutikiswa, masikio yakipigwa, mkonga ukirushwa, ndovu ameshasema. Ondokeni taratibu. Picha nzuri ya ndovu hupigwa kutoka mbali, na simu za siku hizi zinavuta picha karibu.

Matunda yaliyo wazi garini ni tatizo. Pua ya ndovu hunusa ndizi na machungwa kutoka mbali, na akishajifunza kwamba gari lina chakula, atakagua kila gari linalokuja baada ya lenu. Fungeni chakula ndani ya chombo chenye kifuniko. Anayepiga kambi asilale na matunda ndani ya hema. Taka zote zirudi nyumbani. Hema lisitiwe kwenye njia ya wanyama wala kando ya maji, na mtoto anayetaka kwenda haja usiku amwamshe mtu mzima mwenye tochi.

Hata nje ya mbuga, anayesafiri usiku kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kati ya Taru na Voi, apunguze mwendo. Ndovu ana rangi ya udongo uliomfunika, na taa za gari humwonyesha akiwa karibu sana.

Maneno matatu ya kuwafundisha watoto

Mtoto hawezi kukumbuka hotuba ndefu. Mfundisheni mambo matatu tu, na mfanye mazoezi uani kama mchezo.

La kwanza: "Simama." Mzazi akisema neno hilo, kila mtoto anasimama pale alipo, hata kama alikuwa anacheza.

La pili: "Nyuma yangu." Kila mtoto anakwenda nyuma ya mtu mzima aliye karibu naye, bila kupiga kelele.

La tatu: mtoto anayemwona ndovu peke yake, akiwa anachunga au akienda dukani, haendi kutazama. Anaacha mbuzi, anaacha mtungi, anarudi kumwambia mtu mzima. Na mzazi asimkemee mtoto kwa kurudi bila maji. Mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kupoteza mbuzi ndiye atakayejaribu kumpita ndovu ili amwokoe mbuzi.

Baya likitokea

Mtu akiumizwa, la kwanza ni hospitali. Msifuate ndovu. Umati unaomkimbiza ndovu kwa mienge huongeza waliojeruhiwa, na ndovu aliyetishwa hivyo hukutana asubuhi na mtoto wa mtu mwingine. Pigeni simu kwa chifu na kituo cha KWS kilicho karibu. Namba hizo ziandikwe leo kwenye simu na kwenye karatasi ukutani, kwa sababu simu huisha chaji. Namba za dharura za polisi ni 999 au 112.

Kisheria, ulinzi wa wanyamapori uko chini ya serikali ya kitaifa kupitia KWS. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyamapori aliyetajwa katika sheria hiyo italipwa fidia ya shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu ni shilingi milioni 3, na majeraha mengine ni hadi shilingi milioni 2 kulingana na uzito wake. Madai hupitia kamati ya fidia ya kaunti, ambayo huyachunguza na kuyapeleka kwa waziri. Kwa mazao na mifugo, sheria inaweza kumnyima fidia mtu ambaye hakuchukua hatua za kawaida za kulinda mali yake.

Ili madai yasikwame, ripotini mara moja kwa polisi mpate namba ya OB, wekeni karatasi zote za hospitali, pigeni picha mahali palipotokea, jazeni fomu ya KWS, na hifadhini nakala ya kila kitu. Wananchi wengi nchini wamengoja fidia kwa muda mrefu, na jambo hilo halifichwi. Anayengoja akiwa na karatasi kamili ana mahali pa kusimamia. Asiyekuwa nazo huanza upya kila anapofika ofisini.

Hata hivyo, hakuna mzazi atakayehesabu milioni 5 akaona zimetosha mahali pa mtoto.

Ombi kwa kila nyumba

Kule Mwaluganje, tangu 1995, wananchi waliotoa ardhi yao wameishi na hifadhi ya ndovu inayopokea wageni. Kuishi naye kunawezekana, mradi kila upande upate njia yake. Ndovu hawezi kuitwa barazani akaelezwa. Mwenye masikio ya kusikia haya ni mtu, basi na mtu atangulie kutoa nafasi.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila nyumba ifanye mambo manne. Hifadhini namba ya KWS na ya chifu. Ulizaneni ndovu wameonekana wapi. Amueni nani atakuwa mbele na nani nyuma siku ya safari. Kisha waiteni watoto uani, mseme "Simama", na muone nani anasimama.

Likizo njema, na safari njema.